Bao la Eruzione halikuleta dhahabu siku ile

Husimuliwa mara nyingi kwamba Mike Eruzione, nahodha wa timu ya Marekani ya hoki ya barafuni, alifunga bao lililoifunga Urusi ya Kisovieti 4-3 kwenye fainali ya Olimpiki ya 1980 pale Lake Placid. Bao ni la kweli: tarehe 22 Februari, kipindi cha tatu, dakika kumi zikiwa zimebaki. Fainali ndiyo haikuwepo.

Medali ziliamuliwa kwa pointi katika kundi la timu nne, na sare ya Marekani na Sweden, 2-2, ilihesabiwa humo. Kwa hiyo hata baada ya kuwafunga Wasovieti, vijana wa kocha Herb Brooks wangeweza kuikosa dhahabu. Siku mbili baadaye walicheza na Finland, wakaingia kipindi cha mwisho wakiwa nyuma 2-1. Verchota akasawazisha, McClanahan akaongeza, Johnson akafunga la nne huku timu ikiwa pungufu ya mchezaji. Mechi hii, kwa maoni yangu, imedhulumiwa na historia.

Wamarekani wengi hata hawakuiona ile ya Wasovieti moja kwa moja. Ilichezwa jioni mapema, televisheni ikairusha usiku.

Eruzione, mchezaji wa ridhaa aliyepitia Chuo Kikuu cha Boston, alistaafu baada ya michezo hiyo akiwa na miaka 25. Ligi kuu ya NHL hakuichezea kamwe.