Inayomaliza betri ni inveta, rauta mnaionea bure

Kamwene wadau. Huku Mufindi kuanzia Juni ukungu unaweza kushuka asubuhi ukakaa mpaka saa sita, paneli za sola zimenuna tu, betri inaisha, na hapo ndo kila mtu anaanza kuilaumu rauta ya intaneti.

Wengine wanasema ni kidude kidogo hakili umeme. Kidogo kweli, rauta ya kawaida ya laini inakula kama wati 5 mpaka 10, ila taa ya LED ya wati 5 unaiwasha masaa manne basi, ni wati-saa 20, wakati rauta ya wati 6 inakesha masaa 24, hiyo ni 144, yani taa saba. Halafu kuna waoga wanaosoma kwenye adapta 12V 2A wanapiga hesabu wati 24. Huo ni mwisho wa uwezo wa adapta, sio kile rauta inachokula.

Uongo mkubwa ni kwamba bila inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, rauta haiwaki. Mimi mwenyewe nilikaa mwaka mzima nimewasha inveta ya wati 1000 kwa ajili ya kirauta kimoja, usiku watu wamelala nasikia kafeni kake kanavuma peke yake sebuleni. Siku nimekuja kupima nikachomoa kila kitu, inveta tupu inakula wati 12! Kwa siku ni wati-saa 288, na betri yangu ya N100 ya maji (volti 12, Ah 100) ukiitumia nusu ili isife mapema unapata kama 600 tu. Yani betri inatoa volti 12, inveta inapandisha mpaka 230, adapta inashusha tena 12, na kila hatua inaacha joto njiani.

Toa waya moja kwa moja kwenye betri. Ila usichomeke kavukavu, maana betri ikichajiwa inafika volti 14.4 na ikichoka inashuka 11 na ushee, so weka konveta inayopandisha na kushusha itoe 12 muda wote, na fyuzi iwe karibu na betri. Soma adapta kwanza lakini, kuna rauta za volti 9, na uangalie chanya na hasi usije ukanitafuta.

Na yale masikio manne, yani antena za kwenye rauta? Kuna ambayo ni ya kurusha Wi-Fi humo ndani tu, mnara hayausogezi. Bora rauta yenye tundu za antena ya nje, uipandishe kwenye mlingoti ielekee mnara, antena yenyewe haili umeme na modemu ya ndani ya rauta haihitaji kutumia nguvu nyingi kuufikia mnara.

Mkiwa wawili watatu MiFi ya USB, yani karauta kadogo ka mfukoni, inatosha.

Eti kuizima usiku inaharibika, nayo hapana. Yangu nimeifungia taima, saa nne inakata, sasa hivi wanangu wamenuna kuliko paneli.