Pua imeziba lakini si homa: kwa wanaouguza mtu aliyeumia shingo

Kuna mama hapa Nairobi alitupigia usiku, kijana wake aliumia shingo kwa ajali ya bodaboda. "Daktari, homa imemrudia, pua imeziba kabisa na kichwa kinamgonga, nimemlaza apumzike." Nikamwambia usimlaze, mwinue akae wima, miguu ishuke, fungua nguo zinazombana, halafu shika mpira wa mkojo uufuate kwa mkono kutoka mwanzo mpaka kwa mfuko. Mfuko ulikuwa mkavu. Mpira ulikuwa umekunjika chini ya paja na kijana hasikii chochote huko chini. Alipounyoosha mkojo ukateremka, kichwa kikapoa na pua ikaanza kufunguka.

Sasa pua na mkojo zinajuana wapi? Neva zinazokaza mishipa ya damu ya puani hutoka kwenye ubongo, zinateremka ndani ya uti wa mgongo mpaka usawa wa kifua ndio zipande tena kichwani. Shingo ikiumia, amri inakatikia njiani, ile mishipa inalegea na kujaa damu, pua inavimba ndani hata bila mafua, hasa wiki za kwanza. Na kupenga kamasi kunataka misuli ya tumbo na mbavu, ambayo yeye hana nguvu nayo, kwa hivyo tafadhali usimwambie "jikaze".

Lakini kama pua inaziba ghafla, kichwa kinauma sana, uso na shingo vinakuwa vyekundu au vinatoa jasho, hiyo ni presha inapanda, kama ilivyokuwa kwa yule kijana. Inawapata walioumia uti wa mgongo kuanzia usawa wa mbavu ya sita kwenda juu, na inaweza kupasua mshipa wa ubongo. Kibofu kilichojaa ndicho chanzo cha kawaida, halafu choo kilichofunga, kidonda cha kulalia, hata ukucha ulioingia nyamani. Usipoona chanzo, au presha ikikataa kushuka, kimbia hospitali.

Dawa za mafua za kununua tu dukani zingine zinapandisha presha, na zile za kupuliza puani ukizidisha siku tano hivi pua inaziba zaidi. Maji ya chumvi hayana shida.

Kitu kingine, wengi wa walioumia hivi presha yao ya kawaida, ile namba ya juu, ni 90 mpaka 110, kwa hivyo 135 wodini mtu ataambiwa iko sawa na kumbe kwake imepanda vibaya. Yule mama sasa ameandika presha ya kawaida ya kijana wake kwenye kadi, ameifunga kwa wilichea.