Je, wajua kwa nini mtoto anaweza kuwahi kuketi na asitambae kamwe?

Binti yetu, kifungua mimba, aliketi bila kushikwa akiwa na miezi mitano na siku tisa. Nina hakika kwa sababu niliandika. Ilikuwa jioni, mvua ya Nakuru inapiga mabati hadi hatusikilizani, na mama yangu akautoa mkono wake mgongoni mwa mtoto polepole, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku. Mtoto akabaki wima. Nikafungua daftari nililonunua wiki aliyozaliwa, nikaandika tarehe, kisha nikaongeza: "Ameketi. Gogo analia kwa furaha." Gogo ndiye mama yangu, bibi wa mtoto.

Miezi minne baadaye, ukurasa niliouandika "Kutambaa" ulikuwa bado mtupu. Kila Jumamosi niliufungua na kuandika neno moja: "Bado." Haikuwa kwamba mtoto hasogei. Alisota. Alikunja mguu mmoja chini yake, akapiga mkono sakafuni kama anayevuta kasia, akavuka chumba kizima kwa makalio. Lakini kupiga magoti na viganja chini, hapana. Jirani mmoja akaniambia mtoto asiyetambaa atakuwa mzito wa kusoma. Mwingine akasema tumemharakisha kuketi, sasa mgongo utapinda. Nilikaa na hofu hiyo wiki kadhaa kabla ya kujiuliza swali lenyewe: mwili ni mmoja na ubongo ni mmoja, inakuwaje mtoto awahi jambo moja na kuliruka jingine kabisa?

Jibu, kwa sehemu kubwa, lilipatikana nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, kwa watu wa mama yangu, kabla mimi sijazaliwa.

Katika miaka ya 1950, daktari Mfaransa Marcelle Geber aliwapima watoto wachanga mjini Kampala na kuripoti kwamba kwa nguvu na uwezo wa mwili walikuwa mbele ya wenzao wa Ulaya. Maneno yakawa mengi. Wako waliosema ni damu, kwamba Mwafrika huzaliwa hivyo, na wako waliokataa kabisa kuwa tofauti ipo. Kisha miaka ya 1970 mwanasaikolojia Mmarekani, Charles Super, akaenda kuishi na kufanya utafiti katika jamii ya wakulima Wakipsigis iitwayo Kokwet. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1976, na uzuri wake ni kwamba hakutosheka kuuliza kama watoto hawa wamewahi. Aliuliza wamewahi nini hasa.

Akakuta kwamba watoto wa Kokwet waliketi na kutembea yapata mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Lakini katika kuinua kichwa wakiwa wamelala kifudifudi, kujigeuza, na kutambaa, hawakuwa wamewatangulia. Ingekuwa damu, wangewahi yote. Alipowachunguza akina mama, aliona kuwa kuketi na kutembea ni mambo yanayofundishwa kwa makusudi, na lugha yao ina maneno maalumu ya mafunzo hayo. Kutambaa hakukuwa na mwalimu.

Nilipomsomea mama habari hizi, alishangaa kwamba mtu alisafiri kutoka Marekani kuja kuuliza jambo hilo. Kwao Bomet, aliniambia, mtoto akishaweza kukaza shingo, unachimba kishimo kifupi uani, unatandika nguo, unamketisha humo na blanketi limemzunguka. Udongo unamshika kiuno. Kila siku unamwacha kidogo zaidi huku unachambua mboga kando yake. Mambo haya haya Super aliyaona Kokwet. Hapa mjini hakuna uwanja wa kuchimba, basi Gogo alitumia beseni la kufulia na blanketi lililoviringishwa, na binti yangu akaketi humo asubuhi na jioni tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nimeandika habari za beseni kwenye daftari, kurasa chache tu kabla ya ile tarehe ya kuketi. Sikuwa nimeunganisha hayo mawili.

Na kutambaa? Mama aliniuliza nani amlaze mtoto chini, kwenye moto wa mafiga, kuku na vumbi. Mtoto alikuwa mgongoni, mapajani, au ameketishwa. Hapo nikaelewa ule ukurasa wangu mtupu.

Sasa tuingie ndani ya mwili, kwa sababu "amefundishwa" peke yake haitoshi kueleza. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, ilhali cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Kuketi, kwa mtoto, ni kazi ya kusimamisha mzigo mzito juu ya mlingoti laini. Nguvu huanza shingoni, hushuka kifuani, kisha kiunoni. Mtoto huyumba kidogo mbele, misuli ya mgongo inamrudisha, anapitiliza, misuli ya tumbo inamdaka. Kila kuyumba ni somo. Mtoto anayeketishwa kila siku hupata masomo hayo mara nyingi mno, na anayelazwa muda wote huyakosa.

Lakini masomo ya kuketi hayahami kwenda kwenye kutambaa, na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Mwaka 2000, mtafiti Karen Adolph aliripoti jaribio alilofanya na watoto wa miezi tisa waliokuwa wazoefu wa kuketi lakini wageni katika kutambaa. Aliwaweka kwenye ukingo wenye pengo mbele yake, na upande wa pili kitu cha kuwavutia. Wakiwa wameketi, walijua pengo gani ni pana mno, wakajizuia. Wakiwa wametambaa kufika pale pale, wakajitupa penye pengo na kudakwa na mtafiti. Mtoto yule yule, macho yale yale! Kiungo kinachobeba uzito kikibadilika, ubongo huanza hesabu upya. Kuketi hutegemea nyonga na kiuno, kutambaa hutegemea mabega, viganja na magoti yanayopokezana. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuwa bingwa wa moja na mgeni wa nyingine.

Ushahidi wa upande wa pili upo pia. Super alipouliza akina mama wa jamii nyingine za Kenya, aliona kwamba pale ambapo wengi walisema wanafundisha kutambaa, kama kwa Wateso, watoto walitambaa mapema kuliko pale ambapo wachache tu walifanya hivyo, kama kwa Waborana. Huko Marekani, baada ya madaktari kuanza miaka ya 1990 kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali ili kupunguza vifo vya ghafla usingizini, ilionekana kwamba waliolala chali walichelewa kidogo kujigeuza na kutambaa, lakini walitembea kwa wakati ule ule. (Ushauri wa kulaza chali bado ni sahihi, na tuufuate. Kifudifudi ni kwa mchana, mtoto akiwa macho na mtu yuko karibu.) Na katika jamii ya Aché nchini Paraguay, iliyoishi msituni ambako mama hakuthubutu kumweka mtoto chini, watoto walianza kutembea wakikaribia miaka miwili. Wakakua wakawa watu wazima wepisi wa kutembea na kupanda miti.

Kuna jambo jingine ambalo kila mzazi anaweza kulijaribu nyumbani. Mshike mtoto wa wiki mbili wima, makwapani, nyayo ziguse godoro. Atainua mguu huu, kisha huu, kama anayetembea. Akifika miezi miwili hivi, hatua hizo hupotea. Zamani ilidhaniwa kwamba ubongo unapokomaa unazifuta. Kisha katika miaka ya 1980 Esther Thelen na wenzake wakawashika wima watoto waliopoteza hatua hizo, miguu ikiwa ndani ya maji hadi kifuani. Hatua zikarudi! Hazikuwa zimefutwa. Miguu ilikuwa imenenepa haraka kuliko misuli ilivyopata nguvu, na maji yaliubeba ule uzito. Kabla ya hapo, mwaka 1972, watafiti waliripoti kwamba watoto waliofanyishwa hatua hizo dakika chache kila siku katika wiki nane za mwanzo hawakuzipoteza, na walitembea mapema. Hayo ndiyo Gogo alikuwa akifanya kila jioni alipomrusharusha binti yangu mapajani, nyayo zikigonga leso yake, akimwimbia. Mimi nilidhani wanacheza tu.

Basi hofu ya majirani ilikuwa na msingi gani? Shirika la Afya Duniani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, lilifuatilia watoto wenye afya nchini Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kuketi bila msaada kulitokea kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutambaa kwa viganja na magoti kati ya miezi 5.2 na 13.5. Kusimama peke yake, ambako Kiswahili kinakuita kusimama dede, kati ya miezi 6.9 na 16.9. Kutembea peke yake kati ya miezi 8.2 na 17.6. Tazama upana wa hizo nafasi: kwa kutembea, watoto wawili wazima wa afya wanaweza kupishana zaidi ya miezi tisa. Na kati ya mambo yote yaliyopimwa, kutambaa pekee ndiko kulikorukwa, na asilimia 4.3 ya watoto hao hawakutambaa hivyo kabisa. Walisimama na kutembea kama wenzao.

Kwa hiyo kile kitabu cha kliniki kinapoandika miezi kutoka fulani hadi fulani, ule mwanya ndio habari yenyewe. Niliwahi kuona mama kwenye foleni ya chanjo, mtoto wake wa miezi saba, akifuta machozi kwa sababu mtoto wa benchi la jirani ameketi na wake bado. Natamani ningekuwa najua ninayoyajua leo, nikamwambie.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kuandika. Kando ya safu ya "lini" nikachora nyingine: "siku hizi anakaa wapi, na nani, anafanya nini." Si ubunifu wangu mkubwa, kwani kuandika maendeleo ya mtoto ni desturi ya zamani. Charles Darwin aliandika ya mwanawe William, aliyezaliwa Desemba 1839, akayachapisha mwaka 1877. Lakini safu hiyo ya pili ndiyo inayolifanya daftari liseme kweli, maana tarehe peke yake inamsifu au kumlaumu mtoto kwa kazi ya nyumba nzima.

Daftari lina kazi nyingine ambayo siichukulii kwa wepesi. Mtoto akipita miezi tisa bila kuketi, akiwa mlegevu kama nguo iliyolowa au mkakamavu kupita kiasi, akitumia mkono mmoja tu na kuusahau mwingine, asipogeukia sauti, na zaidi ya yote akipoteza jambo alilokuwa akiliweza, mpeleke hospitali na daftari lako mkononi. Maelezo yenye tarehe humsaidia daktari kuliko "ni kama zamani alikuwa anaweza." Na kama alizaliwa kabla ya wakati, mhesabie kuanzia siku aliyotarajiwa. Aliyezaliwa wiki ya 32 ametangulia wiki nane, hivyo akitimiza miezi sita mtazame kama wa miezi minne.

Kuhusu woka, vile vigari vya magurudumu vinavyouzwa kila mahali, maoni yangu ni makali. Havimfundishi mtoto kutembea, kwa sababu ananing'inia na kusukuma kwa ncha za vidole, bila kubeba uzito wake wala kujidaka anapoyumba. Tena vinamfikisha kwenye ngazi na jiko kwa kasi asiyoiweza. Canada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Beseni la Gogo lilikuwa la bei nafuu, na lilikaa pale pale lilipowekwa.

Binti yangu alitembea akiwa na miezi kumi na moja na siku ishirini, hatua nne kutoka kwenye kochi hadi kwa mama yake. Hakutambaa hata siku moja. Sasa yuko darasani na anasoma vizuri.

Mdogo wake alizaliwa Gogo akiwa amerudi Bomet kwa mifugo yake. Tulikuwa tumehamia nyumba yenye vigae, na mke wangu akawa anamlaza mtoto kifudifudi kwenye mkeka huku yeye anafanya kazi. Mama mmoja, baba mmoja, daftari lile lile. Nanukuu kurasa zake: "Miezi sita na siku kumi na mbili: anatambaa, amefika chini ya meza. Siku hizi anashinda mkekani." Na chini yake, wiki tatu baadaye: "Ameketi mwenyewe. Tumempigia Gogo simu. Ameuliza kwa nini imechukua muda wote huo, na beseni liko wapi."