Kabla ya kusahihisha "He has slept"

Picha inaonyesha mtu amelala kwenye mkeka. Mwalimu anauliza kwa Kiingereza yule bwana anafanya nini, na darasa la watu wazima kutoka Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, linajibu: "He has slept." Mwalimu anasema "No, he is sleeping," anaandika ubaoni, wanarudia mara tatu, somo linasonga mbele. Wiki inayofuata kosa liko palepale.

Ninapowaandaa wahitimu wa vyuo vikuu kufundisha Kiingereza hapa Uganda, naanzia hapo. Kiingereza wanakijua. Wasichokijua ni kosa limetoka wapi.

Kiambishi "-me-" kina kazi zaidi ya moja. Ukisema "amekula" au "amelipa", tendo limekwisha, na "has eaten" au "has paid" inafaa. Lakini "amelala", "amekaa", "amesimama" na "amevaa" kwa kawaida hueleza hali aliyo nayo mtu sasa hivi. Mwanafunzi amechukua kanuni iliyomfaa kwenye kula akaipeleka kwenye kulala. Amefikiri vizuri kabisa, ila Kiingereza hakifuati njia hiyo. Kwa hiyo gawa ubao mara mbili: upande mmoja vitenzi vinne vya tendo lililokwisha, upande wa pili hivyo vinne vya hali, kila kimoja na picha yake. Waache wao waseme tofauti, hata kwa Kiswahili. Dakika 5 za Kiswahili hapo zinaokoa mwezi wa kurudiarudia.

Kosa la pili ni ndugu yake: "I have arrived yesterday", badala ya "I arrived yesterday". Katika mazungumzo wengi wetu husema "nimefika jana" bila wasiwasi. Aliyesoma Kongo ana Kifaransa pia, na "je suis arrivé hier" ni Kifaransa safi. Lugha mbili zinamvuta upande mmoja, halafu mwalimu anashangaa kwa nini habadiliki.

Mhitimu wa Uganda kwa kawaida hakuandaliwa kwa mwanafunzi huyu. Mtoto wa hapa huanza na lugha ya eneo lake katika madarasa ya chini, anaanza kuhamia Kiingereza darasa la nne, na kuanzia darasa la tano masomo hufundishwa kwa lugha hiyo. Kwake ni lugha ya pili. Kwa mama aliyefika makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyaka II akiwa na miaka 35, Kiingereza ni lugha ya kigeni kama ilivyo kwa mtu wa Ufaransa, na mbinu za darasa la tano hazimfai.

Muda wa mafunzo nao ni mfupi. Cheti cha CELTA cha Cambridge, cha kufundisha Kiingereza kwa watu wazima wenye lugha nyingine, kwa mfano, kina angalau saa 120 za mafunzo, na kati ya hizo mhitimu hufundisha saa 6 tu huku akipimwa, kwa wanafunzi wa viwango 2. Saa chache hivyo hazitoshi kugundua makosa haya kwa bahati. Lazima aingie darasani akiyatarajia.

Ndiyo maana nayapa uzito masomo mafupi ya majaribio, njia iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1963: dakika 10, wanafunzi 5, jambo moja tu la lugha, maoni, kisha somo lilelile tena kwa watu wengine. Linaloharibu zoezi hili ni kuwatumia wahitimu wenzake wajifanye wanafunzi. Wanabuni makosa ambayo hakuna msemaji wa Kiswahili anayeyafanya, na mwalimu anajifunza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Tafuta wanafunzi wa kweli, hata watatu.

Katika maoni, naanza kuhesabu "Mmeelewa?" ngapi zimetamkwa. Swali hilo halipimi kitu; mtu mzima mwenye heshima zake atajibu ndiyo. Baada ya "He is asleep", uliza: "Are his eyes open?" "Can he hear me?" Majibu ni neno moja, na anayebahatisha anaonekana mara moja.

"He" na "she" ni suala jingine, kwa sababu kanuni yake wanaijua. Kiswahili kina "a-" moja kwa mwanamume na mwanamke, basi kosa hutokea mtu anapoongeza kasi. Kueleza tena ni kupoteza chaki. Mpe picha ya kaka na dada sokoni, aisimulie kwa dakika 4, kisha kwa mwenzake mwingine dakika 3, kisha kwa wa tatu dakika 2. Mzunguko wa kwanza usimkatize, andika tu makosa. Kabla ya wa pili mwonyeshe mawili, yasizidi. Wahitimu wengi hushindwa hapa: wanasahihisha kila neno, na kufikia mzunguko wa tatu mwanafunzi amenyamaza.