Muda wa Kujifunza, Kujitolea na Kubuni Uhesabiwe Ndani ya Saa za Kazi

Taasisi nyingi hutamka katika mipango mkakati yao kwamba zinathamini mafunzo, ubunifu na huduma kwa jamii, lakini ukiisoma ratiba ya zamu iliyobandikwa mlangoni kwa msimamizi huoni hata saa moja iliyotengwa kwa mambo hayo. Matokeo yake mfanyakazi husoma usiku akiwa amechoka, hujitolea siku aliyopaswa kupumzika, na wazo lake la kurahisisha kazi huishia kichwani. Mwajiri anayetaka kwa dhati kutoa muda wa aina hii hana budi kuutoa ndani ya saa za kazi na, zaidi ya hapo, kupunguza majukumu mengine kwa kiasi hicho hicho.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kutoa muda wa kujitolea wala wa ubunifu, ila haimzuii kuuweka katika mkataba au kanuni za utumishi. Kwa upande wa kujifunza upo Mkataba Na. 140 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unaohusu likizo ya masomo yenye malipo, na unaitambua likizo hiyo kuwa ni muda unaotolewa wakati wa saa za kazi. Ni kosa, basi, kumwambia mfanyakazi atumie likizo yake ya mwaka kwenda kwenye kozi ambayo ofisi yenyewe inaihitaji.

Mfano unaotajwa sana ni wa kampuni ya 3M ya Marekani, ambayo tangu mwaka 1948 imewaruhusu watumishi wake wa kiufundi kutumia asilimia 15 ya muda wao kwa kazi wanazozichagua wenyewe. Mwaka 1968 mwanakemia wake, Spencer Silver, alipata gundi dhaifu iliyoshika karatasi na kubanduka bila kuichana, akawa anaieleza kwa wenzake ingawa haikuwa na matumizi yoyote. Miaka kadhaa baadaye Art Fry, mtumishi mwenzake wa 3M aliyekuwa mwimbaji wa kwaya kanisani na aliyekerwa na vikaratasi vya alama kudondoka kutoka kwenye kitabu chake cha nyimbo, aliikumbuka gundi ile. Vikaratasi vya kunata vya Post-it viliingia sokoni nchini Marekani mwaka 1980, yaani miaka 12 baada ya gundi kupatikana. Mwajiri anayedai matokeo kila robo mwaka angeifuta kazi hiyo mapema kabisa, na kwa vigezo vyake mwenyewe angeonekana makini.

Kampuni ya Google nayo ilijulikana kwa asilimia 20 ya muda wa kazi, ambayo waasisi wake waliitaja katika barua yao kwa wawekezaji mwaka 2004. Hata hivyo Marissa Mayer, aliyewahi kuwa kiongozi wa juu katika kampuni hiyo, alisema baadaye kwamba kwa kweli ilikuwa asilimia 120, kwa kuwa watu walifanya miradi hiyo juu ya kazi yao ya kawaida. Kasoro hiyo ndiyo inayoua mipango mingi, na hapa kwetu huua haraka zaidi kwa sababu idara zina watu wachache.

Asilimia 15 ya saa 45 ni saa 6 na dakika 45, kiasi ambacho duka la dawa au ofisi ya wahasibu watatu haiwezi kukimudu. Saa 2 kwa wiki, ambazo ni chini ya asilimia 5, zinatosha kuanzia. Zisiwekwe Ijumaa alasiri kwa mazoea tu, maana hapo wengine wametoka kuswali, mwingine anafunga hesabu za wiki, na simu ya mteja wa mwisho huwa haikosekani. Afadhali Jumanne asubuhi, kwa kupokezana, na jina la atakayeshika kaunta liandikwe kwenye ratiba ileile.

Kuhusu kujitolea, hiari lazima iwe hiari kweli. Wafanyakazi wanapoagizwa kufika Jumapili wakiwa na fulana za kampuni, majina yakaandikwa na asiyefika akaulizwa, hiyo ni kazi, na kwa mfanyakazi asiye wa menejimenti ya juu sheria inataka saa za siku ya mapumziko zilipwe maradufu ya mshahara wa msingi wa saa. Tena kupanda miti kwa ajili ya picha kuna faida ndogo kuliko mhasibu kukaa saa mbili na viongozi wa kikundi cha VICOBA, yaani cha wanajamii cha kuweka na kukopa, akiwaonyesha namna ya kulinganisha daftari la hisa na fedha zilizomo kwenye sanduku.

Kabla ya yote hayo kuanza, pande mbili ziandikiane nani atamiliki kitakachobuniwa, iwe programu ya kompyuta, kifaa au maandishi, na mbunifu atapata nini kikiuzwa. Waandikiane pia kwamba wazo lililoshindikana halitaingizwa kwenye tathmini ya utendaji ya mwaka huo.