Je, wajua kwa nini kifaa kinachoongea hakimfanyi mtoto mwenye usonji awe mvivu wa kuongea?

Mzazi wa mtoto mwenye usonji anaposhauriwa kumpa mwanawe kishikwambi chenye picha ambazo zikibonyezwa hutoa sauti, mara nyingi hupatwa na hofu moja: mtoto akizoea kubonyeza, atajihangaisha tena na kuongea kwa kinywa chake? Hofu hiyo inaeleweka, na ndiyo inayowafanya wengi waahirishe kifaa kwa miaka kadhaa wakisubiri maneno yaje yenyewe. Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa na watafiti hauiungi mkono.

Usonji ni tofauti ya namna ubongo unavyokua, nayo hujitokeza mapema utotoni na kugusa mawasiliano, mahusiano na watu, pamoja na jinsi mtu anavyopokea sauti, mwanga au mguso. Wengi wenye usonji huongea vizuri, lakini inakadiriwa kwamba robo hadi theluthi moja hivi ya watoto hao hufikia umri wa shule wakiwa hawaongei kabisa au wana maneno ya kuhesabika. Mwaka 2006, mapitio ya tafiti zilizohusu watu wenye ulemavu wa ukuaji, wenye usonji wakiwamo, yalichambua kwa makini visa 27 vya waliofundishwa njia mbadala za mawasiliano, yaani ishara, picha au vifaa. Hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi wake. Asilimia 89 waliongeza usemi, ingawa kwa wengi ongezeko lilikuwa dogo, na waliosalia hawakubadilika. Mwaka 2014, timu iliyoongozwa na Connie Kasari wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 61 wa miaka 5 hadi 8 waliokuwa na maneno machache mno. Wote walipata mafunzo ya mawasiliano kwa njia ya michezo, lakini waliopewa pia kifaa kinachotoa sauti tangu mwanzo ndio walioanzisha mawasiliano wao wenyewe mara nyingi zaidi, kwa mdomo au kwa kifaa.

Sababu yake ni nini? Kwanza tuitazame dhana iliyojificha ndani ya hofu yenyewe, kwamba mtoto anaweza kuongea ila anachagua njia rahisi. Kwa anayeweza kuongea, hakuna njia rahisi kuliko mdomo. Hakuna mtu atakayefungua kurasa mbili na kutafuta picha tatu ili aombe maji ilhali angeweza kuyataja kwa sekunde moja. Mtoto anayetumia kifaa anakitumia kwa sababu njia ya mdomo bado imefungwa au ni nyembamba. Kutamka neno kunahitaji ulimi, midomo, taya na pumzi vipangwe kwa wakati mmoja, na kwa baadhi ya watoto wenye usonji mpangilio huo ndio mgumu, hata pale wanapoelewa mengi wanayoambiwa. Kubonyeza kunahitaji kidole kimoja.

Jambo la pili linahusu neno lenyewe. Likisemwa na mtu, hupita na kutoweka, na kila msemaji hulitamka kwa namna yake. Kwenye skrini, picha hubaki palepale na sauti hutoka vilevile kila mara. Kwa mtoto anayejifunza vizuri zaidi kwa macho na anayetulia panapokuwa na utaratibu usiobadilika, hiyo ni nafasi ya kulisikia neno lilelile mara nyingi, tena kwa wakati anaolihitaji. Ndiyo maana wataalamu husisitiza vitufe visihamishwehamishwe, kwa kuwa mkono hukumbuka mahali.

Pamoja na hayo, kifaa hakifundishi chenyewe. Mtu mzima naye anapaswa kukitumia anapozungumza na mtoto, akibonyeza «twende» huku akilitamka, bila kudai jibu, kwani mtoto anayeongea naye alisikia maneno kwa muda mrefu kabla ya kutamka la kwanza. Kosa linalorudiwa sana, kwa maoni yangu, ni kujaza skrini majina ya vyakula na vitu vya kuchezea pekee, ili mtoto ajue kuomba. Anahitaji pia «sitaki», «acha», «inauma», «nimechoka», kwa sababu mtoto asiye na njia ya kukataa kwa neno atakataa kwa kilio au kwa kutupa vitu. Anayeandaa kifaa kwa Kiswahili na aziweke kauli hizo zikiwa nzima, kwa maana mifumo iliyoundwa kwa lugha ambazo kiwakilishi na kitenzi hutengana humwachia mtoto «mimi» na «taka» visivyoungana. Iwapo sauti ya kompyuta haitamki sawasawa, programu nyingi huruhusu kurekodi sauti ya mtu wa familia. Na kifaa hicho kisinyang'anywe kwa adhabu. Betri ikiisha, kuwe na karatasi yenye picha zilezile kwa mpangilio uleule.

Si kila kinachoitwa msaada wa mawasiliano kina ushahidi wa namna hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilienea Marekani, ikitokea Australia, mbinu ambayo msaidizi hushika mkono wa mtu asiyeongea anapochapa herufi, na familia nyingi zilifurahi kuona sentensi ndefu zilizonyooka. Watafiti waliwaonyesha msaidizi na mwenye usonji picha tofauti bila wao kujua, na jibu lililochapwa likawa la picha aliyoiona msaidizi, ambaye mara nyingi hakutambua kwamba yeye ndiye anayeongoza mkono. Mwaka 2018, chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu cha Marekani kilitamka kwamba mbinu hiyo isitumike. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa kwamba kifaa hakifanyi kazi mpaka mkono wa mtoto ushikwe ana haki ya kuomba jaribio jepesi: mtoto aulizwe jambo ambalo mshikaji halijui.