Je, wajua? Mfungwa aliyekuwa akisubiri kunyongwa aliishtakije serikali akiwa gerezani?

Kwa karatasi na kalamu. Wafungwa wengi wa Tanzania waliofungua kesi katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa Arusha tangu 2007, walijiandikia maombi wenyewe bila wakili. Hakuna ada.

Kwanza ilimbidi amalize ngazi za mahakama za nchini. Rufaa yake ilipitia kwa mkuu wa gereza hadi Mahakama ya Rufani. Ikigonga mwamba, ndipo aliandika tena, safari hii kwa Mahakama ya Afrika: alishtakiwa kwa kosa gani, alihukumiwa lini, haki ipi imevunjwa, anaomba iamriwe nini. Chini alisaini, au aliweka dole gumba. Ombi likipokelewa, mahakama iliweza kuamuru asinyongwe hadi kesi iishe.

Naona karatasi hizo zina uzito wa pekee, kwa sababu ya kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, sheria ya makosa ya jinai ya Tanzania. Ukipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, adhabu ni moja tu, kunyongwa. Jaji hana pa kuchagua. Isipokuwa kwa mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18, chanzo cha ugomvi, maisha uliyopitia, vyote havibadilishi chochote. Tanzania haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini hukumu zimeendelea kutolewa, na aliyehukumiwa hukaa miaka na miaka bila kujua siku yake. Kungoja huko ni mateso, na sioni namna ya kukuita vingine.

Katika ombi namba 007/2015, kundi la wafungwa lilihoji jambo hilohilo. Tarehe 28 Novemba 2019 wakashinda: Mahakama ya Afrika ilisema kumfunga jaji mikono hivyo kunavunja haki ya kuishi, na kunyonga kunavunja utu. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuondoa ulazima huo kwenye sheria, na kesi zao zisikilizwe upya upande wa adhabu.

Mwaka ulipita, kifungu kikabaki vilevile. Tena wiki moja kabla ya hukumu, serikali ilikuwa imeondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Maombi yaliyokwishafika yaliendelea kusikilizwa. Lakini tangu 22 Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa maombi mapya. Rufaa ikikwama, mfungwa amebaki na marejeo, yaani kuomba hukumu iangaliwe upya, kwenye Mahakama ya Rufani ileile, na msamaha wa Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba.